Bega la Molu

Ukitaka kujua kama mtu ana bega bovu, usimtazame akitembea, wala akibeba gunia, maana gunia anaweza kulihamishia bega la pili na akakucheka. Mwingize kwenye skramu ya raga. Wanaume wanane upande huu, wanane upande ule, vichwa vimeingiliana, na aliye mbele hana pa kujificha. Jumanne ile jioni, kwenye uwanja wa karantini ya ng'ombe hapo Isiolo, timu kubwa ilisukumana na wachezaji wa akiba, na timu kubwa ikarudishwa nyuma. Ikarudishwa tena. Mara ya tatu ikajipinda upande wa kushoto, ikaanguka chini, na vumbi likawafunika wote.

“Inukeni!” Kirimi akapiga kelele. “Tunarudia!”

Hakukuwa na haja ya kurudia, na yeye alijua. Upande wa kushoto, mstari wa mbele, ndipo alipokuwa Molu, Mborana, propu au nguzo ya skramu, ambaye kwa misimu miwili hakuna mtu wa Nanyuki wala wa Nyeri aliyewahi kumsogeza. Sasa alikuwa amesogezwa na Akuam, Mturukana wa akiba, kijana mwenye nguvu nyingi na ujuzi kidogo. Akuam mwenyewe hakufurahia. Alisimama akijipangusa vumbi huku akimtazama Molu kwa jicho la mtu aliyevunja chombo cha watu.

Timu hii ilianzishwa na daktari mmoja wa mifugo, Mzungu, ambaye alipoona vibarua wake wanavyoangusha mafahali kwa mikono mitupu ili wadungwe chanjo, alisema watu hawa hawahitaji kufundishwa raga, wanahitaji kupewa mpira tu. Uhuru ulipokuja akafunga mizigo yake akaenda. Aliacha mipira ya ngozi iliyochakaa, jezi za kijani, na Kirimi, karani wake kutoka Meru, ambaye alipandishwa cheo akawa afisa wa karantini na kapteni wa timu kwa pamoja. Kwa hiyo vijana wengi wa timu, Molu na Akuam wakiwemo, Kirimi aliwaamrisha mchana kazini, na jioni akawaamrisha tena uwanjani, na hakuna aliyepata nafasi ya kumsahau.

Alikuwa mtu mwema, Kirimi, tusimwonee. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kujua mambo bila kuuliza. Angemtazama mtu, ajumlishe hili na lile kichwani, kisha aondoke ameridhika kwamba ameelewa. Mkewe Kinanu alikuwa akimwambia, “Wewe hata nikiwa na homa unaangalia tu uso wangu na unaenda kununua dawa ya tumbo.”

Na juu ya bega la Molu tayari alishajua, au aliamini hivyo. Jumatatu baada ya kazi alipita karibu na tangi la maji, akamkuta Molu amevua shati, ananawa kwa mkono mmoja. Kwenye bega la kulia kulikuwa na vidonda vya kuchomwa, vipya, vyeusi pembeni na vyekundu katikati, na chini yake nyama imevimba. Molu alipomwona alivuta shati haraka akajifunika. Hakusema neno. Kirimi naye hakusema neno. Akaendelea kutembea kama mtu aliyekuwa akitazama mawingu.

Sasa lazima ieleweke siku zenyewe zilikuwaje. Ilikuwa miaka ya shifta, waasi wenye bunduki wa kaskazini. Barabara ya Garba Tulla ilipitwa kwa msafara wa jeshi tu. Wafugaji walikusanywa pamoja na mifugo yao nyuma ya seng'enge, na Mborana au Msomali hakutoka wilayani bila kibali. Na Alhamisi iliyotangulia, jua likielekea kuzama, lori la mahindi lilimiminiwa risasi si mbali na mji, dereva akafa. Askari waliokuwa nyuma ya lori walijibu. Washambuliaji walikimbia, na mmoja wao aliacha damu kwenye mawe, tone baada ya tone, ikielekea mjini. Tangu siku hiyo polisi walikuwa wanatafuta mwanamume mwenye jeraha.

Alhamisi hiyo hiyo Molu hakuja mazoezini.

Kirimi akajumlisha. Alijua kidogo juu ya Waborana, kiasi cha kumtosha kukosea. Alijua kwamba hufunga majeraha kwa chuma cha moto. Akaona tundu la risasi limechomwa likazibwa, akaliona wazi kabisa, ingawa halikuwapo. Na badala ya kukasirika au kukimbilia polisi, alijikuta anaogopa kwa niaba ya Molu. Huyu ndiye mtu aliyembeba mgongoni kutoka uwanja wa Nanyuki siku alipovunjika kifundo. Alikesha usiku huo akigeukageuka, na asubuhi alikuwa amekata shauri. Atajifanya hakuona kitu. Na Molu hatakwenda Nanyuki.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Msimu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi huko Nanyuki, na Jumatano alasiri wachaguzi watatu wakakutana kwenye stoo ya dawa za chanjo, wakakaa juu ya masanduku. Wa kwanza Kirimi mwenyewe. Wa pili mwalimu Ntongai, mtu wa miwani na maneno mengi, ambaye alishaacha kucheza lakini hakuacha kuelekeza. Wa tatu alikuwa Inspekta Kiugu wa polisi, namba nane wa timu, yule anayefunga skramu kwa nyuma, mtu mzito, mpole, asiyesahau kitu. Alikuwa amerudi usiku uliopita kutoka porini, alikokuwa akiwafuata washambuliaji wengine tangu Alhamisi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

“Tuanze nyuma,” alisema Ntongai. “Fulubeki ni Jirma. Hiyo hakuna maneno. Mpira ikienda juu, yeye anaingoja kama ameitumia barua.”

“Jirma,” Kiugu akarudia taratibu. Kila lilipotajwa jina la Mborana alinyamaza kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kumdhamini mtu huyo apate kibali. “Sawa. Baba yake namjua. Jirma aende.”

Wakaendelea. Wingi ya kulia, nafasi ya mkimbiaji wa pembeni, ilizua ubishi: Elema alikuwa na mbio kuliko mtu yeyote Isiolo, lakini akipata mpira hukimbia mpaka akasahau mstari uko wapi. Ntongai akamtetea, akisema msimu huu amefunzwa. Kiugu akacheka kidogo, akasema mtu wa namna hiyo ni heri akimbie akiwa upande wetu. Wakampitisha. Safu ya katikati ilikuwa imara, wote waliona hivyo. Walichokosa ni mtu wa kupiga mateke ya mbali tangu fundi wa mitambo ahamishiwe Embu. Kirimi akasema atapiga yeye. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini alianza kuhesabu majina yaliyobaki, kwa kuwa walikuwa wanakaribia mstari wa mbele.

“Huka, pale katikati, yule yule,” alisema Ntongai. “Propu wa kulia, yule yule. Propu wa kushoto, Molu. Tumemaliza, tutafute chai.”

“Ngoja,” alisema Kirimi. “Mimi naona kushoto tumpe Akuam.”

Ntongai akavua miwani. Kiugu hakusogea, aligeuza tu macho.

“Akuam?” Ntongai akauliza. “Kapteni, umekula miraa ya jana? Akuam hajui hata mahali pa kuweka mkono!”

“Ana uzito. Molu amepungua.”

“Molu amepungua wapi? Watu wote wamepungua, hata mimi suruali inaanguka. Huyo kijana akikutana na yule propu wa Nanyuki, ile mnyama, atakunjwa kama mkeka.”

“Anajifunza haraka.”

“Mpaka Jumamosi?”

Angeweza kusema neno moja tu: ameumia. Ni neno la kawaida kabisa katika raga, husemwa kila wiki, na hakuna anayeinua kichwa. Lakini Kirimi aliliogopa neno hilo kuliko yote. Akisema ameumia, Kiugu atauliza wapi. Akisema begani, Molu atavuliwa shati. Kwa hiyo aliliruka neno lenyewe la kweli, akatafuta lingine lolote, naye Ntongai akazidi kumbana, akihesabu kwa vidole mechi ambazo Molu aliwabeba, na akimalizia kila mara kwa kuuliza sababu, sababu ni nini, kapteni, tupe sababu.

“Nidhamu!” Kirimi akafoka. “Sheria ya timu mnaijua. Asiyekuja mazoezi hachezi. Molu hakuja, basi hachezi. Au sheria ni ya wengine tu?”

“Hakuja lini?” aliuliza Kiugu.

Aliuliza polepole, bila ukali wowote. Na Kirimi akaona kosa lake, kwa sababu alikuwa amefungua mlango ule ule aliokuwa ameuegemea kwa mgongo wake wote. Alitamani Ntongai aropoke kitu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Ntongai alikuwa kimya.

“Siku moja tu,” alisema Kirimi. “Siku… siku ya mwisho wiki jana.”

“Alhamisi.”

“Nafikiri Alhamisi.”

Kiugu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei. “Mimi sikuwa hapa Alhamisi,” alisema. “Asante kwa kuniambia. Muweke kwanza kwa timu. Mimi nataka kumwona akisukuma.”

Siku ya pili yake mazoezi yalianza mapema. Molu alikuja, kwani angefanyaje? Usiku huo wote Kirimi alikuwa amejiambia ataenda Bulla Pesa, mtaa wa akina Molu, kumwonya, na usiku huo wote alijijibu kwamba njia inatazamwa, kuna kafyu, na akionekana wataangamia wote wawili. Kulipokucha alijiambia atamnong'oneza kazini. Kazini kulikuwa na askari wawili wamesimama langoni tangu alfajiri. Akampita Molu mara kadhaa karibu na zizi, na kila mara mdomo ukawa mzito.

Kiugu alifika amevaa jezi kama wengine. Hakwenda kwenye nafasi yake ya namba nane. Alikwenda upande wa akiba, akamgusa Akuam begani amwachie, na mwenyewe akainama mbele ya Molu, uso kwa uso.

“Tuone,” alisema.

Skramu ikafungana. Molu alisukuma. Hilo watu walilisimulia baadaye kwa mshangao: alisukuma kweli, na kwa muda mfupi Kiugu, mwenye mwili wa tembo, alianza kuinuka kutoka ardhini. Kisha kilisikika kilio kilichokatwa katikati, skramu ikafunguka, na Molu akapiga goti moja mkono wake wa kulia ukining'inia. Kwenye jezi ya kijani, begani, doa jeusi lilikuwa linapanuka.

“Vua,” alisema Kiugu.

Molu hakuweza kuinua mkono. Kiugu mwenyewe akampandisha jezi, bila kumuumiza, kama mtu anayemvua mtoto nguo ya shule. Vidonda vya kuchomwa vilikuwa vimepasuka. Waborana wa timu walitazama chini, Wameru wakatazamana.

“Hii ni nini?”

“Ng'ombe,” alisema Molu akihema. “Ni ng'ombe ilinilalia, Inspekta. Mzee Jillo akanichoma.”

“Ng'ombe ilikulalia lini?”

“Jumatano ile ingine. Jioni.”

“Na ulimwambia nani? Ulimwambia afisa wako?”

Molu akainua macho akamtazama Kirimi, kisha akayashusha. “Sikumwambia.”

“Na Alhamisi ulikuwa wapi?”

“Nyumbani kwa Jillo. Nilikuwa nachomwa.”

“Jillo,” alisema Kiugu kwa uchovu. “Mjomba wa mke wako. Shahidi mzuri.” Akageuka. “Kapteni, wewe ni afisa wa karantini. Kuna mtu aliumizwa na ng'ombe hapa kwako?”

Kirimi akasema, “Mimi sijui habari hiyo.” Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyommaliza Molu. Askari wakaja kutoka langoni.

Nyuma ya mstari, Akuam alikuwa amefunga mikono kifuani. Alifungua mdomo, akaufunga.

Ijumaa asubuhi Kirimi hakunywa chai. Alikuwa amekaa kwenye nyumba ya kazi huko Chechelesi, kikombe kikipoa mbele yake, aliposikia sauti ya mwanamke mlangoni ikisema salaam aleikum. Kinanu akafungua. Alikuwa Batula, mke wa Molu, ushungi umefungwa vibaya kama wa mtu aliyetoka mbio, na nyuma yake Akuam, mtu mzima mwenye misuli kama kamba, anajificha nyuma ya mwanamke mwembamba.

“Ingieni,” alisema Kinanu.

“Siingii,” alisema Batula. “Bwana Kirimi, huyu atakuambia maneno, halafu mimi nitauliza moja. Sema, Akuam.”

Akuam akasema huku anatazama miguu yake. Jumatano ile, kwenye zizi la mwisho, wakati Kirimi yuko ofisini, yeye na Molu walikuwa wanaangusha ndume mmoja mwekundu. Kawaida ya kazi ni kwamba mmoja anashika pembe na taya, mwingine anavuta kamba ya miguu, na wanavuta pamoja kwa neno moja. Akuam alivuta kabla ya neno. Ndume akaanguka upande usiostahili, juu ya Molu. Bega lilitoka mahali pake, wakalirudisha wenyewe.

“Kwa nini hamkuniambia?” aliuliza Kirimi.

“Bwana Afisa, unajua kibarua akiumia,” alisema Akuam. “Anaambiwa akae nyumbani, na kesho kuna mwingine amechukua kamba. Tulisema tutanyamaza mpaka ipone. Mimi nilikuwa nashika pembe, yeye anashika kamba na mkono mzuri. Hata hukuona. Na jana uwanjani niliogopa. Inspekta akisikia ni mimi nilimwangusha, na ni mimi nitachukua jezi yake, atasema nini? Atasema nilitaka.”

Wakachoma bega kwa sababu bega lililotoka huchomwa, uvimbe ushuke, maumivu yatoke. Hivyo ndivyo Jillo alivyowatibu watu maisha yake yote; hata farasi wa yule daktari Mzungu aliwahi kumchoma. Hakukuwa na tundu. Hakukuwa na risasi. Kulikuwa na ng'ombe, ng'ombe wa karantini ya Kirimi mwenyewe.

“Swali langu sasa,” alisema Batula. “Wewe bwana uliona bega lake Jumatatu. Aliniambia. Alirudi nyumbani akasema, Kirimi ameona, amenyamaza, ni mtu mzuri, hataki nikose kazi. Sasa huko kwa mkutano wenu, mwalimu Ntongai ameniambia, kwa nini hukusema huyu ameumia? Kwa nini ulisema hakuja mazoezi?”

Aibu ilimpanda Kirimi kutoka miguuni mpaka masikioni. Hakulala kwa ajili ya Molu, alimhurumia Molu, alimficha Molu, na katika kumficha akawa amemtwika mzigo ambao mtu mwenyewe hakuwahi kuubeba. Batula alimtazama vizuri, akaelewa. Hakupiga kelele. Alirudi hatua moja nyuma, akavuta ushungi ukamfunika mdomo, akangoja.

“Nitaenda kituoni,” alisema Kirimi. “Akuam, twende.”

“Sikia kwanza,” Kinanu akasema kwa Kimeru, akamvuta ndani kidogo. “Ukimwambia Kiugu juu ya ng'ombe, atauliza lile alilouliza huyu mama. Utamjibu nini?”

“Nitamjibu.”

“Utamwambia ulifikiri ni shifta na ukanyamaza? Hiyo watu wamefungwa kwayo. Hii nyumba ni ya kazi. Tutaondoka na watoto kwa kichwa.”

“Nikimwambia ng'ombe peke yake hataamini. Nilimwambia mimi mwenyewe sijui.”

Macho ya Kinanu yalijaa machozi, na alikasirika kwamba yamejaa. Kisha akaenda akachukua koti lake kubwa la baridi, lile la kusafiria Meru, akamvalisha ingawa jua lilishaanza kuchoma. Huko ndani sakafu ni ya saruji, alisema.

Kituoni Kiugu aliwasikiliza wote wawili akiwa amesimama. Alimsikiliza Akuam mpaka mwisho, akamtoa nje. Kisha akafunga mlango, akakaa, akasugua macho kwa vidole.

“Kirimi, huyu kijana anaweza kuwa anasema ukweli, na anaweza kuwa amefundishwa na yule mama. Gari ya kupeleka Molu Nairobi inafika mchana. Nipe kitu. Jumatano tulikaa kwa masanduku, Ntongai akakusumbua na sababu, na wewe hukusema ameumia. Kama uliona bega, ungesema. Kama hukuona, leo unajua nini?”

“Niliona.”

“Uliona nini?”

“Niliona vidonda vya moto. Nikafikiri ni risasi.”

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Kiugu alikuwa na uso wa mtu anayesikia habari ya msiba na bado anatumaini aliyeleta amekosea nyumba.

“Usiseme hiyo tena,” alisema mwishowe. “Sema hukumbuki.”

“Nikisema sikumbuki, Molu ataenda Nairobi.”

“Dereva wa lile lori nilimzika mimi. Unajua? Na wewe Jumatatu uliona mtu, ukafikiri ndiye, ukaenda nyumbani ukalala.”

“Sikulala.”

“Lakini hukuja kwangu.”

“Sikuja,” alisema Kirimi. “Na kama ningemuuliza Molu swali moja, hata hatungekuwa hapa. Muachilie, Inspekta. Mtu hawezi kutunga uwongo wa kujifunga mwenyewe.”

Hilo Kiugu alilijua kuliko yeye. Aliinuka, akaita koplo, akamwambia alete funguo. Alifanya yote taratibu, kama alivyofanya uwanjani alipompandisha Molu jezi. Akamwomba Kirimi mkanda na kamba za viatu. Koti akamwachia.

Walikutana kwenye korido nyembamba, mmoja anatoka, mmoja anaingia. Molu alikuwa amefungwa mkono kwa kitambaa cha mtu, midomo imepasuka kwa kiu. Nje Batula alikuwa ameshaambiwa, na sauti yake ilisikika ikimshukuru Mungu. Kirimi alisimama. Ni lazima tukiri kwamba alitegemea kitu. Si shukrani kubwa, hapana; labda kuguswa mkono, labda jina lake kutajwa.

“Wameniambia,” alisema Molu. “Siku hiyo kwa tangi. Mimi nilisema moyoni, huyu ni rafiki, ameona na amenyamaza.”

“Nilinyamaza kwa ajili yako.”

“Ulinyamaza kwa ajili ya shifta,” alisema Molu. “Mimi hukuniona.”

Kirimi akataka kusema kwamba hata hivyo alikuwa tayari kumficha, kwamba hilo nalo lina uzito wake. Lakini alipomtazama usoni aliona kwamba Molu ameshalipima, na halikumfaa kitu. Misimu miwili walikula sahani moja safarini. Mtu aliyekula naye alimtazama bega akaona bunduki.

“Ungeuliza tu,” alisema Molu. “Mbele ya watu, hata kwa hasira. Molu, hii nini? Ningekuambia ni ndume mwekundu, ungenifukuza kazi, na mimi ningeenda nyumbani nikiwa Molu.”

Koplo akakohoa, akatikisa funguo. Molu alipita. Alipofika mlangoni alisimama mwangani, bila kugeuka.

“Akuam apewe jezi yangu kesho,” alisema. “Lakini mtu amwambie mkono wa kushoto usishike hewa. Ashike nguo ya yule wa Nanyuki chini ya kwapa, na asivute mpaka asikie neno. Tatizo lake ni hilo, anavuta kabla ya neno.”

“Nitamwambia,” alisema Kirimi.

“Wewe utakuwa hapa,” alisema Molu. “Nitamwambia mimi.”

Akatoka kwenda kwa mkewe. Kirimi akaingia alipoelekezwa, akatandika koti la Kinanu juu ya saruji, akakaa.